Kirusi Kipya Kisishushwe Cheo

Meza ya Mwandishi wa Barua,
Chini ya Ngazi, Jengo la Posta ya Zamani,
Mkabala na Ofisi Yako.

Kwa Bwana Afya wa Mji.

Mheshimiwa,

YAH: KUPINGA KUSHUSHWA CHEO KWA KIRUSI KIPYA NA KUVULIWA KWA BARAKOA TAREHE MOSI

Salamu kwanza. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama huko ofisini bado mnapimana joto kila asubuhi, natumaini leo umefaulu.

Mimi ndiye yule mtu wa taipureta ng'ambo ya barabara, ambaye dirisha lako linamtazama utosini. Kwa miaka ishirini na mbili nimewaandikia watu wa mji huu barua zao: za kuomba kazi, za kuacha kazi, na za kuomba kurudishwa kazini. Nusu ya malalamiko yaliyomo kabatini mwako nimeyapiga chapa mimi, kwa hiyo tunafahamiana kuliko unavyodhani. Leo, kwa mara ya kwanza, mteja ni mimi mwenyewe. Nitafuata taratibu zilezile ninazowafundisha wengine: hoja ziwe na namba, hasira iwe na adabu, na kila anayetajwa apewe nakala. Barua inayomsema mtu bila kumpa nakala si barua, ni umbea.

1. Kuhusu kirusi kupandishwa na kushushwa.

Jumatatu ya wiki iliyopita ulitutangazia redioni, kwa sauti ya msibani, kwamba kuna kirusi kipya, na kwamba kina mbio kuliko kile cha kwanza na kile cha pili. Tukakubali. Jina lake la herufi na tarakimu halikumkaa mtu kichwani hapa kwenye ngazi, basi tukakiita Mgeni Rasmi, maana kilitangazwa kabla hakijafika na kila mtu akaanza kufagia. Mwenye duka la vifaa vya shule alifunga kamba mlangoni, akawa anawarushia wateja madaftari. Mama mwenye nyumba wangu aliunda Kamati ya Ngazi, na kamati ikaunda kamati ndogo ya kushika vitasa. Shemeji yangu, dereva wa lori, alijifukiza chini ya blanketi mpaka blanketi likashika moto, akatoka mbio anashukuru kwamba kifua kimefunguka. Hata baba mdogo, ambaye hajawahi kuamini neno la serikali tangu azaliwe, alianza kunawa mikono mara kumi kwa siku huku akisisitiza kwamba haamini.

Halafu Ijumaa unasimama palepale, sauti imegeuka ya harusini, unasema kirusi ni hafifu, kwamba ni mafua yenye jina kubwa, na kwamba kuanzia tarehe mosi barakoa ni hiari ya mtu. Siku nne tu! Hata karani wa muda hupewa miezi mitatu ya majaribio. Umemvua Mgeni Rasmi madaraka kabla hajaonyeshwa kiti.

2. Kuhusu faida za barakoa ambazo ofisi yako haikuzifikiria.

Hapa itabidi niseme jambo la aibu. Nalisema kwa kuwa barua ni siri kati yangu na wewe na wale watakaopewa nakala.

Sina meno mawili ya mbele, ya juu. Yaliondoka miaka saba iliyopita nilipojaribu kufungua chupa ya wino kwa kinywa. Chupa haikufunguka. Tangu hapo nikicheka huinamia taipureta kana kwamba nimeangusha kitu. Nikisema "samahani" hutoka na mluzi, na mbwa wa mlinzi wako hugeuka. Utasema: weka ya bandia. Niliyaweka. Siku ya kwanza nilipiga chafya mbele ya mteja, yakarukia ndani ya taipureta, na mpaka leo herufi B inakwama. Wanawake wawili waliowahi kunionyesha nia, nia iliwaisha siku nilipopiga miayo.

Ndipo ofisi yako, Mungu aibariki, ikaamuru mji mzima ufunike midomo. Mheshimiwa, hujui ulichonifanyia. Ghafla nikawa mwanamume wa macho na nyusi, na kumbe hivyo ninavyo. Wateja wakaniita Macho. Nikaanza kucheka hadharani, mdomo wazi, mchana kweupe, na hakuna aliyejua. Sijawahi kuvaa kitu kilichonikaa vizuri namna ile.

3. Kuhusu nesi wa hema la chanjo.

Huyu ni mtumishi wako, yule wa kwenye hema lililo uani kwako. Nilipokwenda kwa dozi ya kwanza alinishika bega akasema, "Legeza mkono, baba, sindano haili mtu." Nililegea mwili mzima. Dozi ya pili nilifika siku mbili kabla ya tarehe yangu. Dozi ya nyongeza nilifika kabla haijatangazwa. Chanjo zilipokwisha nikawa sina tena sababu ya kitabibu, nikaanza kumpelekea barua, nzuri, zenye aya. Alinijibu nyuma ya fomu zilizoharibika.

Ni miezi kumi na sita sasa. Tunatembea jioni kando ya bustani, mita moja na nusu kama ulivyoelekeza, ingawa kila mwezi tumekuwa tukiipunguza kidogo kidogo. Chai nakunywa kwa mrija unaopita chini ya barakoa. Nimemwambia ni tahadhari. Yeye ni mkali wa kanuni, hajavua yake mbele yangu hata siku moja. Mheshimiwa, mimi sijui pua yake. Nimempenda bila kujua pua yake, na nilishaamua kwamba iliyopo itatosha.

Nilimwomba tuoane, akakubali. Tarehe tatu, siku mbili baada ya barakoa zako kuvuliwa, mimi na baba mdogo tunakwenda kwao kujitambulisha. Kutakuwa na chakula. Atakuwepo shangazi yake, ambaye nasikia humtazama mtu kama anayechagua kitambaa, anakigeuza na upande wa pili. Nitakaa pale na mfupa mkononi, na mdomo wangu utafunguka mbele ya ukoo mzima. Nina miaka arobaini na tisa. Nikimkosa huyu sitampata mwingine, na wala simtaki mwingine. Hilo ndilo lalamiko lenyewe. Mengine yote ni viambatisho.

4. Kuhusu mtumishi wako aliyevaa kama mrina asali.

Katika wimbi la kwanza, kabla ya hema wala chanjo, nilishikwa na homa nikaja kupimwa kwenye lile kontena nyuma ya ofisi yako. Humo nilimkuta mtu, mwanamume au mwanamke sijui, amefunikwa kisigino hadi utosi kwa nguo nyeupe, miwani mikubwa na ngao ya plastiki. Alisema kwa sauti ya mtu aliye ndani ya debe, "Fungua mdomo. Sema aaa." Nikafungua. Akachungulia muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaandika kitu daftarini.

Majibu yalisema niko salama, lakini mimi sijawa salama tangu siku ile. Mtu huyo ndiye pekee katika idara yako anayeijua siri yangu, na anafanya kazi uani pamoja na mchumba wangu. Huenda wanakula meza moja! Naomba ahamishwe. Sitaki aadhibiwe, apandishwe cheo ikibidi, mradi apelekwe kituo cha mpakani, kule barabara inakokwisha na simu haishiki.

5. Kuhusu shutuma kwamba naufanyia ugonjwa mzaha.

Najua utaniambia hivyo. Hapana. Kiti kilicho kando ya meza yangu kilikuwa cha fundi saa. Tulikaa ubavu kwa ubavu miaka kumi na tisa, tukigombea kivuli. Mwaka jana ugonjwa ulimchukua kwa siku tisa. Tangazo la msiba nililipiga mimi, nikakosea mara nne, mimi ambaye sikosei. Makaburini waliruhusiwa watu kumi tu, na mimi sikuwa wa damu, basi nikabaki hapa chini ya ngazi nikisikiliza saa zake zinavyogonga, kila moja kwa wakati wake. Aliyevuka barabara akaja kukaa kwenye kile kiti mpaka zote zilipomaliza kugonga, ni nesi niliyemtaja katika hoja ya tatu. Barakoa yake ilikuwa imelowa.

Kwa hiyo najua ugonjwa ni nini. Nilishampoteza mmoja, na naogopa.

6. Maombi.

(a) Mgeni Rasmi arudishiwe hadhi yake ya Jumatatu.

(b) Hilo likishindikana, barakoa ziendelee mpaka harusi yangu ipite. Ingekuwa bora zaidi ziendelee mpaka mtoto wetu wa kwanza aanze shule, maana mama haondoki kirahisi katikati ya muhula.

(c) Chakula kiliwe watu wakiwa wamepeana migongo, hasa ukweni. Mgongo haujawahi kumwambukiza mtu.

(d) Mdomo uingizwe kisheria katika orodha ya sehemu za siri, uonyeshwe kwa daktari na kwa mwenzi wa ndoa tu. Kwa mwenzi wa ndoa, iwe baada ya miaka mitano na kwa maombi ya maandishi. Maombi hayo niko tayari kuyaandika mimi.

(e) Hoja ya nne ishughulikiwe kwanza.

Nakushukuru kwa subira yako. Nisalimie katibu muhtasi wako, dereva wako, na wote wanaopanga foleni ukumbini kwako. Mlinzi nitamsalimia mwenyewe, ila mbwa wake mwambie sikuwa namwita.

Mimi niliye chini ya ngazi na chini ya barakoa,

Mwandishi wa Barua (Macho)

Nakala kwa:
– Mama mwenye nyumba, Mwenyekiti wa Kamati ya Ngazi
– Mwenye duka la vifaa vya shule
– Shemeji, dereva wa lori
– Baba mdogo (asomewe, na aambiwe si lazima aamini)
– Mtumishi wa kontena la vipimo
– Nesi, hema la chanjo

N.B. (kwa mkono)

Mheshimiwa, samahani kwa kalamu. Karani wako alikuwa amefunga dirisha la kupokelea barua kwa chakula cha mchana, nikarudi na barua yako mezani. Nakala, hata hivyo, zilikuwa zimeshatoka. Mlinzi alizigawa zote ndani ya robo saa. Mazoea yana taabu: mkono umezoea kumpa nakala kila anayetajwa, ukamaliza orodha kabla kichwa hakijafika.

Nilipoikumbuka nakala ya mwisho, nesi alikuwa tayari anavuka barabara. Nilitafuta pa kujificha, lakini chini ya ngazi ndipo nilipokuwa tayari. Mkononi alishika nakala mbili, yake na ile ya mtumishi wa kontena, nikadhani amempokelea mwenzake. Akakaa kwenye kiti cha fundi saa, akavuta barakoa yake mpaka kidevuni, akasema, "Fungua mdomo. Sema aaa."

Nikafungua. Akachungulia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kumbe wakati ule mlikuwa na upungufu wa watumishi, na mrina asali alikuwa yeye. Mwanya wangu anaujua kabla hajanijua jina. Siku ile daftarini aliandika "meno mawili hayapo, adabu ipo", na miezi yote hii amekuwa akiuonea huruma ule mrija na kungoja niuache mwenyewe. Hakuniuliza kwa nini nilimficha. Aliniuliza swali moja tu: huko mpakani nilikotaka apelekwe, barua zangu angezipataje? Nikamwambia samahani, kwa mluzi wake wote. Mbwa akageuka. Tulicheka mpaka Kamati ya Ngazi ikashuka kuona ni nani anayekohoa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, hoja ya kwanza hadi ya sita naomba zifutwe. Kirusi kipe cheo chochote ambacho wataalamu wako wanaona kinakistahili, na barakoa nitaivaa au kuivua mtakavyosema. Mtumishi wa kontena asihamishwe, hata kwa kupandishwa cheo. Shangazi tumemwachia Mungu.

Na kuhusu pua, nimeiona. Maelezo yake hayana nakala.