Jozi Kumi na Moja Mlangoni

Jumatatu, 2 Septemba

Siku ya ishirini na tatu bila Emilia. Nimekula ugali na dagaa wa jana. Nimesimama, maana kukaa mezani peke yangu siwezi.

Mke wangu yuko Mvumi kwa dada yake, Penina. Aliondoka siku ile mwizi alipoingia gereji na kutoka na cherehani yake. Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo niliutundika kwenye msumari, pale pale mlangoni, ili usipotee! Emilia hakupiga kelele. Alisema tu kwamba siku nitakapomhakikishia mwizi hakanyagi tena hapa, atarudi. Basi nitamhakikishia. Mimi Castory nikiamua jambo, limeamuliwa.

Jirani yangu Ambokile, mtumishi wa wizara, kafunga kamera nne. Nne! Mtaa wetu wote wa Makole unajua. Leo kaniuliza kama nahitaji ushauri. Nikamwambia asante, nina mfumo wangu.

Jumatano, 4 Septemba

Mfumo wangu: makopo ya maziwa kwenye waya, kuzunguka ukuta na gereji. Mwizi akigusa, kelele.

Nilisahau upepo wa Dodoma. Ulianza saa nne asubuhi. Kufika saa tisa nilishatoka na panga mara kumi na nne. Mwenyekiti wa mtaa kaja mwenyewe, kasema kwa upole kwamba mtaani kuna wagonjwa. Nimeyafungua yote. Ambokile alikuwa dirishani na kikombe chake cha chai, meno yote nje.

Nimepiga simu Mvumi. Penina kasema Emilia yuko kisimani. Jana pia alikuwa kisimani. Kisima gani hicho jamani?

Alhamisi, 5 Septemba

Jumuiya imesali kwa mzee Bartolomayo. Nilichelewa. Pale mlangoni nikakuta viatu, jozi kumi na nane. Sijaona mtu hata mmoja, lakini nimeshajua nyumba imejaa. Loh! Mwizi gani ataingia kwenye nyumba yenye viatu vyote hivyo? Injili ya leo ilihusu nini, sijui.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeazima jozi kumi na moja. Mabuti ya mvua, makubazi, raba za kila namna. Violeth, mdogo wake Ambokile anayesoma chuo, kanipa viatu vyekundu vya mchuchumio, kimoja kimekatika mkanda. Hivyo nimeviweka mbele kabisa. Vinaichangamsha nyumba.

Nimekaa barazani kuvitazama. Unaweza kuapa kwamba ndani kuna watu wanacheka. Nikaingia. Hakuna mtu. Kanga ya Emilia bado iko nyuma ya mlango wa chumbani. Nimeishika, nikaikunja, nikaitundika tena kama alivyoiacha. Nimemkumbuka huyu mwanamke mpaka kifua kinauma.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimekwenda sokoni Majengo kununua kufuli. Kurudi saa saba, kizingitini kuna mfuko wa mlenda mkavu. Mwizi kaogopa viatu, kadondosha mzigo wake! Nikamkimbilia Ambokile nimtambie. Kasema twende tukamwone huyo mwizi, kamera yake moja inafika mpaka mlangoni kwangu.

Tukaangalia. Kitenge cha kijani. Emilia! Kasimama mbele ya viatu. Kainama, kaokota kimoja chekundu, kakipima na mguu wake. Kakirudisha taratibu. Kaweka mfuko chini na kuondoka bila hata kupiga hodi.

Ambokile hakucheka. Hapo ndipo nilipoumia zaidi. Nikamwomba airudishe nyuma ile video. Tumeiangalia mara tatu. Amepungua, mke wangu.

Jumapili, 8 Septemba

Penina kapiga simu asubuhi. Kaniuliza, shemeji, wageni wako wameshiba? Yaliyofuata siyaandiki, leo ni siku ya Bwana.

Nimelia kwenye simu. Nakiri. Mwisho kampa Emilia. Nikaeleza yote: jumuiya, mabuti, mchuchumio wa Violeth. Kisha akauliza kama nimeupika ule mlenda. Nikasema nimeupika, umeshika sufuria. Akacheka! Kidogo tu, lakini alicheka. Atakuja Jumanne na gari la mchana. Sharti moja: asikute mlangoni kiatu kisicho changu.

Jumanne, 10 Septemba

Viatu vyote vimerudi kwa wenyewe. Mlangoni kuna jozi moja, yangu, imepigwa kiwi. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimevaa shati lile la bluu analolipenda.

Lakini nyumba imebaki wazi, kila mpita njia anaona hakuna watu. Na leo Emilia wangu atakuwa ndani! Hapana. Nimefikiri tangu alfajiri, na safari hii nimepata njia isiyo na kiatu hata kimoja. Mimi si mtu wa kurudia kosa.

Kamba ya nguo! Nyumba yenye nguo nyingi kambani ina watu wengi, mwizi yeyote anajua. Violeth kaniazima magauni manne. Mama Abeli, aliyejifungua juzi, kanipa nepi kumi na mbili na visweta vya mtoto. Nimeanika kuanzia gereji mpaka getini. Zinapepea vizuri mno na upepo huu.

Saa nane na robo. Bajaji imesimama. Ndiye! Kashuka na begi lake kubwa, maana yake anakuja kukaa. Kasimama getini, anaiangalia kamba.

Nadhani imempendeza.