Kukaa Kitako Kutwa

Jumapili, 4 Mei 2025

Kandida hajarudi tena. Jumapili ya tatu hii, ukihesabu na ile ya Pasaka. Kila msimu mke wangu huenda Mofu kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga wetu, na kila Jumamosi hurudi hapa Kibaoni twende Misa pamoja. Mwaka huu amekwenda na kukaa huko huko. Nimempigia mara nne. Ya tano akapokea. Nikamwambia nyumba iko kimya sana. Akasema afadhali.

Chanzo ni cherehani. Naandika hapa kwa ajili ya ukweli tu. Mwezi wa pili nilibadilishana na jirani yetu Ignas: mimi nikatoa cherehani ya Kandida, yeye akatoa mashine ya kutotolesha vifaranga. Nilikuwa nimepiga hesabu zote. Mayai themanini! Kikatoka kifaranga kimoja. Sasa amekuwa kuku, anatembea kiupande upande, anaishi nami sebuleni.

Kandida hakupiga kelele. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akasimama mlangoni na kuniambia, "Baba Eveline, nitarudi siku utakapoweza kukaa kitako kutwa nzima bila kubuni jambo." Nilidhani anatania. Halafu nikakumbuka kwamba katika miaka thelathini na moja ya ndoa hajawahi kunitania.

Jumatatu, 5 Mei

Nimepata dawa!

Iko chini ya kitanda, ndani ya boksi aliloniachia Dokta Nimal, yule mtafiti wa mbu kutoka Sri Lanka niliyemwendesha miaka sita kabla sijastaafu udereva. Vitabu viwili vya mafundisho ya Budha, vya Kiingereza. Kengele ndogo ya shaba. Mto mweusi wa kukalia, mviringo, mgumu. Na karatasi aliyoandika kwa mkono wake sehemu za kusikiliza masomo kwenye simu. Dokta alikuwa anakaa juu ya mto huu saa nzima bila kutikisika. Mara ya kwanza nilimkimbizia maji nikidhani amezidiwa.

Mpango: nasoma, nahitimu, napata cheti cha utulivu, nakitia fremu, nakipeleka Mofu. Kandida anaheshimu vyeti. Cheti cha kipaimara cha binti yetu Eveline kipo ukutani mpaka leo, na Eveline mwenyewe ana watoto wawili Dodoma.

Nikamwandikia Dokta: kozi ni ya muda gani, cheti kinatoka lini. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, akicheka kidogo, Kiswahili chake cha Ifakara hakijapungua. Alisema cheti hakuna. Alisema nikae dakika kumi, nisikilize pumzi, wazo likija niliache lipite, nirudi kwenye pumzi. Vitabu nisome polepole, ukurasa mmoja kwa siku.

Nimemwelewa. Cheti hawamtajii mwanafunzi mpya.

Jumanne, 6 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi nimepiga kengele mara tatu, kama kwenye masomo ya simu. Mama Bernadeta, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akatoka kwake na bakuli. Alidhani muuza samaki amepita. Nikamweleza kwamba hakuna samaki, ni utulivu. Akaangalia bakuli, akaniangalia mimi, akarudi ndani.

Nikakaa. Pumzi ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri. Ya tatu, Ignas akaanza kushona. Anashonea upande wa pili wa ukuta, na mlio ni ule ule. Kandida alikuwa anashona mchana mimi nikiwa nimelala baada ya safari. Miaka yote hiyo nililalamika kwamba ananinyima usingizi. Leo nimeegemeza kichwa ukutani kumsikiliza Ignas akishona suruali ya mtu, na dakika kumi zikawa arobaini.

Hiyo sikuihesabu kama kutafakari. Sikuwa nasikiliza pumzi.

Alhamisi, 8 Mei

Jumuiya imekutana kwa Mama Bernadeta. Aliniuliza mbele ya watu wote kama nimehama dini. Nikasema sijahama, najifunza kukaa tu. Akasema kukaa hakuhitaji kengele. Watu wakacheka. Nilitafuta pembeni yangu mtu wa kunigusa kwa kiwiko ninyamaze, kama Kandida alivyozoea. Kiti kilikuwa kitupu, wameweka mikoba.

Somo la leo ni la kutakia watu heri. Unaanza na wewe mwenyewe, halafu mtu unayempenda, halafu rafiki, halafu mtu usiye na neno naye, mwisho yule anayekuudhi.

Mimi mwenyewe: nusu dakika. Kandida: muda mrefu, mpaka chai ikapoa. Rafiki: hapo nikakwama. Nikafungua orodha ya namba kwenye simu nikaanza na A. Madereva wenzangu, mmoja marehemu, mmoja kahamia Songea, mmoja hatuongei tangu ule mradi wangu wa nyuki kwenye gari lake. Nimefika S ndipo nikampata fundi wa sola. Nimemtakia heri fundi wa sola. Mtu nisiye na neno naye: nimemweka kuku. Anayeniudhi: Ignas, bila shida yoyote.

Sikujua orodha ni fupi hivi.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda kwa Ignas kumwomba asishone asubuhi. Kwa heshima zote, ingawa ni mdogo kwangu na aliniamkia akiwa ameuma uzi. Akasema anaweza kunipa zaidi ya hapo. Kushona hakulipi siku hizi, watu wananunua mitumba. Anataka kubeba samaki kutoka mtoni. Nimpe baiskeli yangu, anirudishie cherehani ya mama, leo leo.

Nimemwambia nitafikiri. Nimefikiri kutoka kwake hadi kwangu, hatua kumi na nne. Jibu ni hapana. Kuichukua tena ni kukiri kwamba nilikosea kubadilishana. Halafu Kandida hakuomba cherehani. Aliomba nikae. Mimi si mtu wa kuchanganya mambo.

Kandida leo hajarudi. Nilipika wali wa watu wawili kwa mazoea. Kuku amesaidia.

Jumatatu, 12 Mei

Dokta ametuma ujumbe: leo ni mwezi mpevu, sikukuu kubwa ya Wabudha. Siku ya kujikumbusha kutodhuru kiumbe chochote, kutosema uongo, kutochukua kisicho chako. Nikamuuliza tena kuhusu cheti, kwa adabu. Jibu likaja kwa sauti tena, na ndege wa kwao nyuma yake. Aliuliza: "Mzee Amedeus, unataka kumwonyesha nani?"

Amenipa wazo! Cheti cha nini wakati shahidi yupo? Nakwenda Mofu kesho. Nitakaa mbele ya macho yake.

Jumanne, 13 Mei. Mofu

Nimefika kwa bodaboda mbili, mto mgongoni, kengele mfukoni. Kuku nimemwachia Mama Bernadeta, ambaye amekubali kwa sharti kengele iondoke nami.

Kandida alikuwa juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kuangalizia ndege, kamba za makopo mkononi. Amekonda kidogo. Hakushuka. Nilimwamkia kutoka chini kama mgeni. Aliuliza kimenileta nini. Nikasema nimekuja kukaa. Akavuta kamba, makopo yakalia shambani kote, ndege wale kwelea wakaruka.

Shamba la jirani ni la Mashimba, Msukuma, mwenye ng'ombe na mpunga. Husema maneno matano kwa siku. Nikaambiwa ndiye aliyekaza miguu ya dungu ilipolegea. Nikamtazama mikono. Nimemtakia heri Mashimba, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haikutoka vizuri.

Kesho Kandida anakwenda zahanati kupimwa presha. Nitabaki mimi kwenye dungu.

Jumatano, 14 Mei. Mofu

Nimekaa!

Jua lilipotoka nilikuwa juu ya mto, macho nimefumba. Wazo likaja: madungu ya mabati. Nikaliacha lipite. Likaja la kukodisha makopo. Likapita. Pumzi ikaingia, ikatoka. Nasikia mpunga ukisuguana, ng'ombe mbali, halafu hata vitu hivyo sikuvisikia tena. Kulikuwa na kitu kifuani ambacho kimenibana tangu Pasaka, na kwa mara ya kwanza kikalegea. Sikutaka chochote. Mimi! Nililia kidogo, si kwa uchungu.

Nilifumbua macho kwa makelele. Mashimba alikuwa katikati ya shamba letu, anazungusha kombeo na kupiga kelele, na wingu la kwelea linanyanyuka. Kona yote ya upande wa mfereji imeliwa. Imebaki mabua. Kamba za makopo nilikuwa nimezikalia.

Kandida akarudi saa nane. Akaangalia kona. Akaniangalia. Nikajiandaa. Akamwuliza Mashimba nilikaa kwa muda gani.

"Tangu asubuhi," Mashimba akasema. "Nilidhani amekufa."

Kandida akapanda dungu. Akakaa kando yangu, akazivuta kamba kutoka chini yangu taratibu. Akauliza, "Ulikuwa unabuni nini?"

"Sikubuni kitu."

Ilikuwa kweli na aliona kwamba ni kweli. Akaanza kucheka. Kandida, ambaye hatanii! Akacheka mpaka akajifuta macho na ncha ya khanga, kwa kona ile iliyoliwa, kwa makopo, kwa mimi. Tumekaa hivyo mpaka jua likakaribia milima, yeye akivuta kamba, mimi nikimpa maji. Aliposhuka alisema Jumamosi tutarudi nyumbani pamoja, Mashimba ataangalia pande zote mbili siku hizo.

Sina la kuandika zaidi. Nina furaha.

Ijumaa, 16 Mei. Kibaoni

Nimerudi. Peke yangu. Naeleza.

Jana ilikuwa siku njema. Leo asubuhi, kwenye chai, nikaona ni uchoyo kumficha mke wangu jambo kubwa. Nikamtandazia mfuko mtupu wa mpunga niliouchora nyuma kwa mkaa. Kituo cha Utulivu Mofu! Madungu manane. Wageni kutoka Dar na Ulaya wanakaa juu, wanasikiliza pumzi, huku wanavuta kamba. Ndege wanaamiwa bure! Vitabu vya Dokta kwenye kabati. Mashimba mlinzi. Yeye Kandida mkuu wa jikoni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza hata mara moja. Akaosha vikombe, akavifunika.

"Siku mbili, Baba Eveline," akasema. "Siku mbili nzima tu."

Akachukua kamba zake akapanda dungu. Nilisubiri chini kama saa nzima. Makopo yalilia na kunyamaza, yakalia na kunyamaza. Bodaboda ilipokuja nikaondoka. Hata mto nimeusahau.

Kuku hakunitambua. Amezoea kwa Mama Bernadeta.

Jumatatu, 19 Mei

Bodaboda imeleta mzigo kutoka Mofu. Mto wa Dokta, umefungwa ndani ya kitenge kilekile alichoondokea nacho. Nikamwuliza kijana wa bodaboda mama kasema nini. Alisema ametumwa maneno mawili tu: mwambie aukalie.

Nimetafakari maneno hayo asubuhi nzima. Mwanzoni yaliniuma. Halafu nikaona! Mtu asiyetaka mradi angeutupa mto mferejini. Yeye ameurudisha, umekung'utwa vumbi. Ananikumbusha kwamba kituo hakiwezi kuanza na mto mmoja.

Mbio kwa Ignas. Nikamkuta ameitoa cherehani nje, ameifuta, ameipaka mafuta. Akaniambia neno lake ni lile lile: baiskeli, na cherehani naichukua sasa hivi, hata kunibebea hadi mlangoni yuko tayari. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mama akisikia cherehani ipo nyumbani huenda mambo yakawa mengine.

Maskini Ignas haoni mbali. Nimemwambia baiskeli achukue. Lakini cherehani abaki nayo, anishonee mito arobaini, myeusi, mviringo. Aliniuliza kama nina uhakika. Akaniuliza tena. Nikamwambia mimi nimejifunza kukaa, kwa hiyo nafikiri kwa utulivu.

Jumatano, 21 Mei

Ignas ameanza alfajiri. Nimepiga simu Mofu mara mbili kumweleza Kandida kwamba kazi imeanza. Haikupokelewa. Nikakaa kwenye mto, mgongo ukutani, macho nimefumba.

Mlio ule. Unakwenda, unasita pale anapogeuza kitambaa, unakwenda tena. Ukifumba macho yupo chumba cha pili, na ukinyamaza kidogo zaidi atauliza kama chai iko tayari. Nimekaa kutwa. Sikubuni jambo hata moja. Sikula. Hakuna aliyeniona isipokuwa kuku, aliyerudishwa jana.

Saa kumi na moja cherehani ikanyamaza. Nikafumbua macho, na nyumba ilikuwa vile ilivyo.

Nikaenda kwa Ignas. Akasema kazi inakwenda vizuri, kwa mwendo huu wiki mbili mito yote arobaini itakuwa imekwisha. Nikamwambia aifanye sitini. Akauliza hiyo ishirini ya ziada nitampa nini. Nimempa mashine ya vifaranga.