Mashine ya Kunyolea ya Marehemu Ogari

Obadiah Bosire wa Ekerenyo alikuwa na kila kitu isipokuwa babu.

Tuelewane. Babu wa kumzaa babake alikuwapo, kwa kuwa hakuna mtu anayeota kama uyoga. Lakini mzee Ogari alikuwa babu wa kawaida tu: alilima ndizi, akala ndizi, akazikwa kando ya migomba. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, nyumba ya ghorofa na gari la vioo vyeusi hawezi kuridhika na babu wa namna hiyo. Kila alipokwenda matanga na kusikia wenzake wakitaja babu zao, huyu mkalimani wa wazungu, yule chifu, Bosire aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekuja shuleni bila viatu.

"Ningepata hata kitu kimoja cha marehemu babu," alimnong'oneza jirani yake kwenye matanga fulani, "hata kifimbo, ningekiweka ndani ya kabati la kioo."

Nyuma yake, kijana mmoja aliacha kutafuna nyama.

Kijana huyo ni Duke Nyamongo. Hakuwa ndugu wa marehemu wala rafiki wa wafiwa, lakini hakukosa matanga yenye nyama. Kazi yake ilikuwa ulimi. Aliwahi kuwauzia walimu mbegu za parachichi zisizohitaji ardhi, na mpaka leo walimu wale wanazimwagilia maji. Siku hizo, hata hivyo, Duke alikuwa na dhiki ya kweli. Alimpenda Lavender wa Gesima, na babake Lavender, Mzee Machogu, alikuwa ametoa neno la mwisho: ng'ombe wa gredi, wa mbegu ya kizungu, anayekamuliwa afike kabla wiki haijaisha, la sivyo msichana aolewe na mwalimu mmoja wa Manga aliyekwisha kumfunga ng'ombe wake tayari.

Kwa upande mwingine mambo yalikuwa mazuri. Mshenga, ambaye Wakisii humwita esigani, alikuwa ameuchunguza ukoo wa Duke kama ilivyo desturi, akarudi na habari njema: hakuna wachawi, hakuna wezi. Juu ya Duke mwenyewe hakuulizwa.

Kesho yake Duke alinunua mashine ya kunyolea katika soko la Daraja Mbili, ile ya chuma yenye mpini wa kuzungusha, inayoubana wembe kati ya vibati viwili. Ilikuwa mpya, inang'aa, haina hata aibu. Akaichemsha ndani ya chai ya rangi iliyokolea chumvi, akaipaka masizi, akaizika kwenye udongo mbichi. Alipoifukua ilionekana kama iliyowanyoa manabii.

Ijumaa alasiri alibisha hodi Ekerenyo.

"Mzee," alisema akikifunua kitambaa taratibu, "hii ni mashine ya marehemu Ogari. Alipewa na mmisionari. Yeye ndiye mtu wa kwanza upande huu kunyoa ndevu kwa chuma cha kizungu. Wengine wote walikuwa bado wanakwaruzana."

Bosire aliipokea kwa mikono miwili. "Babu yangu? Wa kwanza?"

"Wa kwanza, tata, baba yangu. Wa pili alichelewa sana."

"Unaiuza?"

Duke alishtuka kama mhubiri aliyeulizwa bei ya Biblia yake. "Kitu kama hiki hakiuzwi. Kinarudishwa. Na anayerudisha hushukuriwa tu, kwa moyo." Macho yake yakateleza, kwa bahati mbaya kabisa, hadi kwenye zizi, ambako ng'ombe wa mabaka meusi na meupe alikuwa akicheua.

"Ng'ombe ni wako!" Bosire akasema.

"Jumapili," ikasema sauti mlangoni.

Ilikuwa ya Drusilla, mkewe Bosire, muuguzi mstaafu. Alikuwa na ndoo mkononi, kwa sababu katika nyumba ya Msabato Ijumaa alasiri kila kitu huoshwa kabla jua halijatua, na kitu kisichooshwa hufichwa.

"Jua linakwenda, Baba Linda. Biashara ni Jumapili, mbele ya wazee. Lakini hebu, kijana, mashine ya mzee wetu ilifikaje kwenu?"

Hapo Duke angeweza kusema ilinunuliwa mnadani, akanyamaza. Lakini mwongo mzuri hujua pa kuishia, na Duke alijua pa kuanzia tu. Alimwona Bosire ametoa simu kumrekodi, na mbele ya simu ulimi wake haukuwa na breki.

"Babu yangu, mzee Nyamongo, alikuwa kinyozi wake. Siku moja akaondoka nayo mfukoni. Ikamchoma moyo maisha yake yote! Akikata roho alinishika mkono, akalia: 'Duke, rudisha kwa Ogari!'" Akafuta chozi. "Na tafadhali, mama, msiioshe. Huo uchafu ni historia."

"Historia hailali kwangu na matope siku ya Sabato," alijibu Drusilla.

Duke alipoondoka, Bosire alituma picha na ile sauti kwa kundi la ukoo kwenye simu. Drusilla naye akaichukua mashine. Akazungusha mpini, vipande vikaachana. Wembe akauweka kando bila kuupangusa, kwa kuwa anayepangusa wembe hutafuta damu. Vilivyobaki akavitia ndani ya maji ya vuguvugu yenye sabuni, akachukua mswaki wa zamani, akasugua pembe na mifereji ya skrubu. Penye doa sugu alitia siki kidogo.

Hakukuwa na haja ya siki. Uchafu wa vizazi viwili ulitoka kwa mkupuo mmoja.

Drusilla alikuwa amechuma majani chai tangu utotoni, mpaka vidole vikawa na rangi yake. Akainama juu ya beseni.

"Baba Linda! Njoo unuse babu yako."

Bosire akaja, akanusa. "Chai?"

"Chai. Haina maziwa. Kutu ya kweli hula chuma ikaacha vishimo. Hii imejipaka tu kama poda ya bibi harusi."

"Namwitia polisi sasa hivi!"

"Simu yako inasema nini kwanza?"

Simu ilikuwa ikilia bila kupumzika. Ukoo mzima ulikuwa ukipongeza. Hata binamu aliyekuwa akimcheka kila matanga alikuwa ameandika: *Kumbe nyinyi mlistaarabika mapema.* Bosire alisoma, akasoma tena, akaketi juu ya ndoo.

"Ukimshtaki huyo kijana," alisema mkewe, "utakuwa umemshtaki na babu."

"Sasa tufanyeje, Mama Linda?"

"Babu tutabaki naye." Alivikausha vile vipande kwa kitambaa, akatia tone la mafuta kwenye skrubu. "Na ng'ombe pia."

Jumapili Duke alifika na kamba mpya. Alikuwa amekuja na Mzee Machogu mwenyewe, ili akamwone ng'ombe kwa macho yake na ubishi uishe. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi sebuleni, wakiongozwa na mzee Anyona. Ndani ya kabati la kioo mashine ilimetameta kama jino la dhahabu.

"Mmeiosha!" Duke akapiga yowe. Kisha akaona faida. "Wazee, historia imeharibiwa hapa. Sasa itabidi ng'ombe aandamane na ndama wake."

"Mashine huoshwa kila baada ya kunyoa, ikakaushwa," alisema Drusilla kwa upole. "Babu yako aliiba kitu kizuri, halafu akashindwa hata kukitunza?"

Mzee Machogu aligeuka. "Aliiba?"

"Hapana, baba mkwe, ni… ni lugha tu."

Bosire akabonyeza simu. Sauti ya Duke ikajaa chumba, machozi yakiwamo: *akaondoka nayo mfukoni!*

"Huo ni wizi," alisema mzee Anyona. "Na mali ya wizi ikirudi, aliyerudisha hupewa asante na chai. Hapewi ng'ombe."

"Lakini wazee, huenda babu alipewa… huenda nilikosea…"

"Ulikosea?" Drusilla alikuwa akimmiminia chai. "Basi si ya mzee Ogari? Ulitudanganya? Sema tu, mwanangu, kituo cha polisi kiko hapo chini sokoni." Akamsogezea kikombe. "Kunywa. Ni ya rangi, imekolea. Nimetia na chumvi kidogo, unavyopenda."

Duke akakitazama kikombe, akaelewa kila kitu. Mkono wa kulia, jela. Mkono wa kushoto, babu yake, ambaye maisha yake yote hakuiba hata kuku.

"Aliiba," akasema.

Mzee Machogu alisimama. "Binti yangu haendi nyumba ya wezi," alisema. "Esigani atanirudishia nauli yangu." Akatoka bila kugusa chai.

Jumatatu, Duke alirudi Ekerenyo bila kamba na bila maringo. Alimkuta Drusilla nje, akiisugua mashine kwa mswaki, kwa kuwa tangu jana Bosire alikuwa akinyoa hata pasipokuwa na ndevu.

"Mama, nakuomba. Ni wewe tu unayejua babu yangu hakuiba. Mwambie Mzee Machogu."

"Kwa hiyo unataka ukweli."

"Ukweli mtupu, mama. Lavender ataolewa Manga!"

"Naweza kwenda Gesima nikamnong'oneza. Machogu ni mtu wa siri, na mume wangu hatajua." Akakung'uta maji, akainua mashine kwenye mwanga, akaikagua. "Lakini ukweli, kijana, hauuzwi. Anayeusema hushukuriwa tu, kwa moyo."

"Ashukuriwe na nini?"

Drusilla alitazama zizini.

"Yule wetu analala peke yake," alisema. "Mletee mwenzake. Wa gredi, anayekamuliwa."