Tyrni Saba za Kyllikki

Jumatatu, 5 Mei
Mkutano wa wakazi. Upepo wa baharini umemaliza waridi zetu tena. Mwenyekiti kachoka: safari hii vichaka vya asili tu! Ama mireteni, ama tyrni, vile vichaka vya miiba vyenye vitunda vichachu vya rangi ya chungwa. Atakayefikisha vyake kwanza Jumamosi, siku ya msaragambo, ndivyo vitakavyopandwa. Ensio wa ghorofa ya chini anataka mireteni. Mimi tyrni! Kyllikki wa namba nne, mjane, mwalimu mstaafu wa biolojia, alisema anatamani maji ya tyrni kama ya marehemu mama yake. Sina sababu nyingine. (Ninayo.)

Jumatano, 7 Mei
Nimekwenda kwenye kitalu. Muuzaji akataka kunieleza mambo. Nikamwambia nimezaliwa ufukwe huuhuu, tyrni zimenichoma miiba kabla yeye hajajua kutambaa. Nimechagua saba zenye matumba manene kuliko zote. Afya tupu! Akafungua mdomo tena. Nikafunga buti la gari.

Alhamisi, 8 Mei
Ensio anajigamba saunani kwamba mireteni yake inaletwa Jumamosi saa nne kamili. Asante kwa taarifa, bwana! Tangazo la msaragambo limeandikwa saa nne. Nimelifanya saa mbili. Kalamu ileile, mwandiko uleule.

Jumamosi, 10 Mei
Saa mbili wote wapo, wamenuna. Kahawa haijachemka, soseji bado zimeganda. Nani kabadili tangazo? Nikachimba kimyakimya. Saa nne gari la mireteni linaingia, tyrni zangu saba zimeshasimama. Ushindi!

Kyllikki akainama, akashika tawi, akaanza kucheka mpaka akaegemea koleo. Akasema, wewe Urpo, hawa wote madume! Umeniletea kambi ya jeshi! Tyrni dume ndiyo yenye matumba manene, jike lina madogo. Bila jike, hakuna tunda hata moja. Ensio alikula soseji tatu kwa furaha.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini Kyllikki akaniketisha kwenye benchi, akanitoa miiba miwili kidoleni. Akasema madume yabaki, yatafaa. Nikaongeze majike mawili, na yakizaa atakamua maji, na nitakwenda kuyanywa kwake. Habari ya matumba akanieleza tena, polepole, kama kwa darasa la kwanza, kidole changu mkononi mwake. Nilisikia vizuri sana neno “kwake”. Ana mikono ya moto, huyu mama. Nampenda. Basi, nimeandika.

Jumapili, 11 Mei
Ensio kapita dirishani kuuliza kama jeshi limelala salama. Acheke!

Kesho asubuhi kitaluni. Yule muuzaji asithubutu kunifundisha. Majike mawili, na kwa Kyllikki sileti vitu vya hovyo: nitachagua yenye matumba manene kuliko yote.