Betri ya Chumvi ya Vitongoji

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Redio imesema! Betri mpya za magari ya umeme zitatengenezwa kwa sodiamu, na sodiamu imo ndani ya chumvi. Chumvi! Na sisi wa Vitongoji, kisiwani Pemba, tumezungukwa na nini? Nimemweleza shemegi yangu Mmanga, mwenye pikipiki ya umeme na maringo yake. Akacheka barazani mbele za watu, akasema chumvi yangu itafaa kwa mchuzi wa pweza. Ngoja! Atakuja kwangu kunibembeleza.

Jumanne
Mke wangu Fakhriya kaenda Mkoani kumuuguza shangazi yake. Kaniusia neno moja tu: karafuu nizianike asubuhi, nizianue jioni. Ndizo zitakazotuezekea nyumba, maana mvua ya masika tulilala nayo kitandani. Nikaapa. Lakini maji ya bahari yanataka turubai la kuanikia, na turubai letu ni hilo hilo lenye karafuu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Karafuu nimezirundika stoo, mbichi vilevile, nikazifunika magunia. Kwa muda tu!

Jumatano
Ndoo kwa ndoo kutoka pwani. Mgongo hauna hali. Jioni chumvi imeonekana, gao moja la kujaa kiganja, pamoja na mchanga wake. Mmanga kapita, kauliza karafuu za dada yake ziko wapi. Nimemjibu kuwa viwanda vina siri zake.

Alhamisi
Fakhriya karudi. Kafunua magunia. Karafuu zimevunda, zimepauka, zinafuka mvuke. Hakuna kituo cha kununulia karafuu kitakachozipokea. Akaniambia, "Weye Suud, hata mtoto mdogo wa chuoni ajua karafuu mbichi hairundikwi." Kisha akalia. Hapo niliona haya kwelikweli. Nikamwonyesha chumvi. Lilikuwa kosa. Kapanda pikipiki ya kaka yake, wakaenda zao. Chombo chenyewe kimeondoka kimya, hata muungurumo wa kunitukana hakikutoa.

Ijumaa
Msikitini kila mtu kanipa pole huku akibana kicheko. Sijashindwa! Nimeingia stoo kuzitupa zile karafuu, nikatia mkono katikati ya rundo. Moto! Bila jua, bila waya, bila kuchajiwa! Wataalamu wa dunia nzima wanahangaika na chumvi, wala hakuna hata mmoja aliyewahi kurundika karafuu. Kesho nakwenda kwa Mmanga. Nitamwangukia Fakhriya miguuni, nimwombe radhi mbele ya kaka yake. Akishanisamehe, nimwombe pishi mbili za karafuu mbichi.