Neno Nililomwongezea Mtume Paulo

Jumatano, 10 Agosti 1994

Nimepata somo! Naogopa hadi mwandiko umekuwa kama kuku kapita.

Jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika imekutana leo kwa Paskazia, hapa hapa Makole. Jumapili ya tarehe 21 ni zamu yetu kuhudumu kwenye Misa. Vikaratasi vikatiwa ndani ya kofia ya katekista, Mzee Bartolomayo. Nikaokota Somo la Pili! Miaka minne analisoma Paskazia, mwenyekiti wetu. Ni mjane, ana sauti kuliko spika, na anasoma kama anamgombeza mtu. Akasema wanaonyonyesha wasisome, maziwa yatachuruzika mbele ya altare. Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka nini?

Jumapili hiyo hiyo Loisi wangu anabatizwa. Ana miezi mitatu. Tumeahirishiwa mara mbili: kwanza hatukuwa na semina ya wazazi, halafu Padre akaugua. Hapo katikati mtoto kaumwa kifua. Akikohoa roho yangu inashuka hadi kwenye nyayo. Akipatwa na jambo kabla ya maji ya ubatizo? Sitaki hata kuandika. Kilichobaki ni karatasi isainiwe na mwenyekiti wa jumuiya. Yaani Paskazia. Ee Mungu wangu.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimelisoma somo lenyewe. Balaa! Ni pale Mtume Paulo anapowaambia wake wawatii waume zao.

Nilikuwa nasoma kwa sauti, maana niliacha shule darasa la sita na maneno marefu yananipiga ngwala. Stanley, mume wangu, alikuwa uani anafunga mitumba yake ya kupeleka sokoni Sabasaba. Akaingia. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba nirudie tena, polepole. Tangu apunguzwe kazi reli sijamwona na furaha kama ile. Jioni akataka maji ya kuoga. Nikamwambia ndoo ile pale. Akasema, "Mama Loisi, hebu nikumbushe, Mtume alisemaje?"

Na mama mkwe anakuja kutoka kijijini Zuzu kwa ajili ya ubatizo. Atanisikia nikiyasema kwa kinywa changu mwenyewe. Nimekwisha. Hadi nizeeke ataniuliza, kwani aliyesoma si wewe?

Jumamosi, 13 Agosti

Nimekwenda kwa Mzee Bartolomayo. Nikampa shikamoo mara mbili kwa woga. Nikamuuliza kama msomaji anaweza kuruka mistari miwili mitatu. Akasema amefundisha dini tangu mimi sijazaliwa na hajaona Mtume akirukwa.

Nikamkumbusha kwamba Padre mpya amebadili maombi. Zamani tulimwombea baba wa familia tu. Sasa tunamwombea baba na mama wa familia. Mzee akakohoa. Kila Jumapili tukifika kwa huyo mama wa familia, Mzee hukohoa. Akasema Padre kasomea Roma. Mimi je, nimesomea wapi? Nikasema Hombolo. Akasema haya basi.

Lakini njiani nimepata akili! Padre hakufuta kitu. Aliongeza. Kumbe kuongeza si kosa!

Jumapili, 14 Agosti

Baada ya Misa nimempelekea Paskazia karatasi asaini. Akasema kalamu yake imeisha wino. Nikampa ya kwangu. Akaitazama. Akasema karatasi ya Mungu haisainiwi kwa wino mwekundu, yeye si mwalimu wa hesabu. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama bado nina hamu ya kusoma. Nikasema ninayo! Nikaondoka kichwa juu. Nilipopinda kona nikatafuta jiwe, nikakaa.

Jumanne, 16 Agosti

Loisi amechemka tangu alfajiri. Upepo huu wa Agosti haufai, vumbi lote linaishia kifuani mwake. Stanley alikuwa ameshatoka. Jirani yangu Mwanaharusi akaacha mandazi yake kwenye mafuta, tukaenda wote zahanati, yeye kambeba mtoto, mimi nimebeba machozi. Wamempa dawa. Wamesema atapona. Mwanaharusi akamsomea dua kichwani, akanambia nile, kwani maziwa hayatoki kwenye woga. Nikala mandazi yaliyoungua. Matano.

Mtoto amelala sasa. Namhesabia pumzi. Nikifika mia naanza upya.

Alhamisi, 18 Agosti

Leo ilikuwa zamu yetu ya usafi kanisani. Nimetenda!

Nilijitolea kufagia sakristia, kile chumba anachovalia Padre. Kitabu cha Masomo kiko mezani, kikubwa kama mlango. Nikakifungua. Mwisho kabisa wa ukurasa, baada ya wake kuambiwa watii, wanaitwa waume. Wanachoambiwa kiko ukurasa wa nyuma. Nikafunua. Juu pale kuna nafasi. Nikabandika kikaratasi nilichoandika nyumbani: "Nanyi watiini wake zenu vilevile, na maji ya kuoga mteke wenyewe." Hiyo ya maji ni hasira ya Alhamisi iliyopita.

Gundi sina. Nilitumia uji wa uwele niliokunywa asubuhi, niliuficha kwenye kopo la mafuta ya mtoto. Umeshika vizuri! Kwanza ulikuwa mwingi, ukatambaa. Nikasikia kandambili za Mzee Bartolomayo. Nikafunga kitabu haraka nikaendelea kufagia mahali nilipokwisha kufagia. Akasema hajawahi kuona mtu anayefagia huku anatetemeka. Nikasema ni vumbi.

Ijumaa, 19 Agosti

Usiku mtoto alikohoa tena. Kulipokucha nikamweka mgongoni, nikaenda kwa Paskazia moja kwa moja. Nikamwambia, dada, chukua somo. Nipe saini.

Akatoa kalamu ya bluu kwenye pindo la kanga. Alikuwa nayo siku zote! Akasaini kwa madaha, na mstari chini. Akamshika Loisi shavu, akasema huyu mtoto mzuri, kafanana na baba yake. Sikujali. Nilitembea kama nimevaa mabawa. Ubatizo umepatikana!

Nimefika bombani, napanga foleni, ndipo nikakumbuka kikaratasi.

Nimeacha ndoo bombani. Hadi sasa sijui iko wapi.

Jumamosi, 20 Agosti

Kanisa limefungwa. Ufunguo anao Mzee Bartolomayo, na Mzee yuko Mkonze kwenye mizabibu ya shemeji yake, anarudi kesho na Misa. Nimezunguka kanisa mara tatu. Madirisha yana nondo. Mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema nasali nikitembea. Akasema hiyo hajawahi kuiona, lakini siku hizi kila kitu ruksa.

Nikaenda kumwambia Paskazia nimebadili mawazo, nataka kusoma. Akanionyesha kitenge alichokwisha kukipiga pasi. Nikataka kumwambia ukweli. Nikaikumbuka ile saini. Nikimwambia, ataifuta. Nikasema kitenge kimempendeza.

Mama mkwe ameshuka na treni. Amempakata Loisi mchana kutwa, anamwimbia Kigogo. Akaniuliza mbona nimekonda. Nikasema ni furaha.

Jumapili, 21 Agosti

Nitaandika haraka, kabla mtoto hajaamka.

Tulikaa benchi la mbele na watoto wa ubatizo. Hakuna pa kujificha. Paskazia akapanda mimbarini. Akasoma wake wawatii waume. Nikahisi kiwiko cha Stanley. Mama mkwe akaitikia "Mmh!" kwa sauti. Paskazia akafika mwisho wa ukurasa, akawaita waume kwa ukali, akafunua.

Uji ulikuwa umekauka! Kurasa mbili zimeshikana kama mkate na siagi, kikaratasi kimefungiwa humo ndani. Zikafunuliwa pamoja. Akatua kwenye somo la Jumapili ijayo, la Mtume Yakobo, wala hakusita, maana Paskazia hajawahi kusita. Kanisa zima likasikia Mtume Paulo akiwaagiza waume wote wakawaangalie wajane katika shida zao.

Mjane mwenyewe akamaliza: Neno la Bwana.

Akina baba wakaitikia kwa nguvu kuliko Pasaka. Akina mama wakageukiana. Paskazia akagundua, akatazama kitabu, akavuta ukurasa. Krrraa! Ulitoka na nusu ya barua ya Mtume. Padre akaweka mkono usoni, mabega yanacheza. Mzee Bartolomayo akanong'ona kwa sauti iliyofika mlangoni kwamba hao ni panya.

Ikaja saa ya ubatizo. Padre akauliza kama tunamkataa Shetani. Nikajibu peke yangu, kabla ya wenzangu, kwa kelele. Maji yakamwagika kwenye utosi wa mwanangu. Hakulia! Akapiga chafya moja tu, akamtazama Padre kama wanafahamiana. Nililia mimi. Loisi wangu ni wa Mungu sasa, hata akikohoa.

Jumanne, 23 Agosti

Hakuna aliyenigundua! Kikaratasi kilichanika pamoja na ukurasa, hakisomeki. Kitabu kimepelekwa kwa masista kikashonwe. Mzee Bartolomayo kanunua mtego wa panya.

Kwa Paskazia kumejaa akina baba. Mmoja kampelekea kuni, wa pili kamkazia uzio. Asubuhi hii Stanley amepita mbele yangu na ndoo mbili za maji. Nikafurahi, nikamwandalia kikombe cha chai. Akapitiliza. Akasema anawahi kwa Paskazia, ni Neno la Mungu. Kumbe anajua bomba lilipo!

Mchana nimechukua cheti cha ubatizo. Jina la mtoto, Loisi. Jina la baba, Stanley, limeandikwa lote kwa urefu. Jina la mama: "Mke wa Stanley." Basi. Mimi niliyehesabu pumzi hadi mia! Mimi ni Devota. Ningemwomba Mzee Bartolomayo arekebishe, lakini namwogopa, ana hasira za panya.

Kwa hiyo nikachukua wembe, nifute niandike langu. Nikakwangua taratibu, kama tulivyofanya shuleni. "Mke wa" ikatoka vizuri sana. Kwenye "Stanley" wembe ukateleza. Sasa hapo pa mama kuna tundu, linapita kidole, na limeondoka na tarehe. Kwa cheti hiki mwanangu kabatizwa, ila haijulikani lini.

Usihofu, Devota. Kesho nitamwambia Mzee ni mbuzi wa Mwanaharusi, yule anakula hata sabuni. Nimeanza kukitafuna pembeni kidogo, ili kifanane.