Unga wa Misuli wa Citoyen Mulumba

Siku ya posho huko Kapata, mtaa wa mgodini, wanawake walipanga foleni kupokea unga na maharagwe ya waume zao wachimbaji. Mulumba aliyatazama yale maharagwe, na roho ikamuuma kwa huruma. Mali nzuri kama ile iliwe na watu hivi hivi, na huko Dilolo mpakani inasubiriwa na wanunuzi!

Mulumba alikuwa msomi. Alifagia maabara ya hospitali moja kwa miezi minne, akatoka na koti jeupe na neno "protéine", na zaidi ya hapo hakuhitaji kitu. Alichemsha ngozi na kwato za ng'ombe mpaka zikatoa ute, akaukausha, akausaga, akautia kwenye makopo.

"Bamama, hii ni protéine tupu, asilimia makumi tisa! Maharagi haifike hata robo. Leta ndoo moja ya maharagi, beba kopo moja. Bwana yako atainua jiwe na mukono moja!"

Na kwenye hiyo asilimia hakusema uongo. Mjinga hudanganya kwa uongo. Msomi hudanganya kwa ukweli.

Mama Bilonda, mke wa Kisimba wa mgodini, mwenye watoto watano wa kulisha, alisogea mbele. "Tata, kwetu mwenye kuleta chakula anaonja wa kwanza, batu baone haina sumu."

Mulumba akalamba kijiko kizima, kisha ulimi ukamponza. "Kuonja? Mi nakulaka hii tu, na bukari ya mahindi. Nyama, samaki, maharagi, niliachaka tangu mwaka jana. Ona mikono!"

Mikono ikaonwa, ikashikwashikwa. Bilonda akatoa ndoo mbili, posho yake yote ya mwezi. Hadi mchana Mulumba alikuwa na magunia manane.

Lakini treni ya Dilolo haikuja, wala haikujulikana itakuja lini. Mulumba akaomba hifadhi kwa Bilonda, na kwa kuwaogopa wezi, maana mjini wezi ni wengi, akataka magunia yawekwe chumbani mwa wenye nyumba. Chumba cha mume na mke mgeni haingii. Yeye akalala sebuleni, na kila jioni akaletewa kwa heshima zote bukari, yaani ugali mtupu, na uji wa unga wake.

Siku ya nne kitinda mimba wa Bilonda, naye mlaji wa uji ule ule, alikataa kucheza. Mama akaogopa, akapeleka kopo kwa Ngalula, muuguzi wa zahanati.

"Hii ni gélatine, ute ya ngozi tu," alisema Ngalula. "Protéine inajengwa na ma-acides aminés mingi, kama nyumba na matofari. Zingine mwili inajitengenezea. Zingine lazima ukule. Humu, moja ya hizo za lazima, tryptophane, haimo kabisa, na mahindi iko nayo kidogo tu. Iko mu maharagi. Mama, ulitoa nyumba nzima, ukapewa rangi ya ukuta!"

Bilonda alikasirika mpaka akatulia. Aliwaambia majirani wote. Mulumba peke yake hakuambiwa, maana mali iliyotolewa kwa hiari hairudi mpaka aliyeipokea aseme kwa kinywa chake.

Tangu siku hiyo Mulumba alipewa heshima ya ajabu. Akisogelea samaki wa mtu sokoni, wanawake waliwafunika. "Hapana, tata, uliachaka!" Maharagwe yake yalikuwa nyuma ya mlango mmoja tu, na mlango ule hakuweza kuugusa.

Siku ya kumi na mbili, suruali ikishikiliwa na kamba, alinusa sufuria ya Bilonda. Kisimba alikuwa ameomba maharagwe kwa ndugu yake wa Fungurume.

"Mama, sahani moja tu. Nitakufa!"

"Sahani moja, magunia munane. Na useme kweli mbele ya bamama."

Wakaitwa. Mulumba akasema, macho kwenye sufuria: "Unga hii peke yake haijenge mutu. Nilibadanganya."

Akala huku machozi yakimtoka, na wanawake wakitoa magunia chumbani, kila mmoja na ndoo yake. Akalamba sahani, akainua uso.

"Mama, iko ingine?"

"Iko," alisema Bilonda, akiivuta sufuria upande wake. "Lakini sasa banakula batoto."